Msimu wa Filbert Katika Wodi ya Wanaume

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kumgusa mgonjwa mpaka nishike kikombe cha chai. Nilidhani ni ukarimu. Bwana Severine, aliyekuwa mkuu wa chumba cha mazoezi ya viungo, alinipa kikombe cha bati kilichojaa mpaka juu, akaniambia nikizungushie viganja vyote viwili. Asubuhi za Ngara, hasa miezi ya kiangazi, ukungu hukaa vilimani mpaka jua lipande, na maji ya bomba huuma kama siafu. "Chai si yako," akasema. "Ni ya mgonjwa. Ukimshika mtu aliyevunjika kwa mikono ya baridi, misuli yake yote inafunga mlango. Utabisha hodi mpaka jioni."

Nimestaafu mwaka huu, na vijana wa kitengo wameniomba niwaandikie machache ya miaka yangu. Vyeo sitaviandika. Viko kwenye faili, na faili lina kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Mshahara nao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Nitaandika ya chumba chetu na watu waliopita humo, na zaidi kidogo ya mmoja wao.

Chumba kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya stoo ya mashuka. Tulikuwa na vitanda viwili vya mbao, kioo kirefu chenye ufa, ngazi ya vidaraja vitatu isiyokwenda popote, mifuko ya mchanga tuliyoishona wenyewe kwa turubai, na kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja lilikuwa na mawazo yake. Bwana Severine alikuwa Mhaya mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Aliweza kutengeneza kifaa kutokana na chochote. Bomba la plastiki la maji alilipasha kwenye maji yanayochemka mpaka likalegea, akalikunja kufuata mkono wa mgonjwa, akaliwekea sponji ya godoro ndani na vipande vya mpira wa baiskeli kuwa mikanda. Likipoa, mkono umepata pa kuegemea. Siku hizi mnaletewa vifaa vilivyofungwa kwenye nailoni, navyo ni vizuri, lakini siku vitakapochelewa njiani, kumbukeni bomba.

Mmoja wa wagonjwa wangu wa mwanzo alikuwa mama wa Kanazi aliyekakamaa bega. Nilimwelekeza ainue mkono asubuhi na jioni, nikamchorea na picha. Aliporudi kliniki, bega lilikuwa limelegea vizuri, nikamsifu mbele ya wenzake kwa bidii yake. Akaona aibu. "Sikufanya hata siku moja," akasema. "Ila kwaya imenipa kuongoza nyimbo." Bwana Severine alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akaniambia, "Mwili haupendi mazoezi, binti. Mwili unapenda kazi." Yeye alistaafu kabla sijaota mvi, akarudi kwao, nikabaki na kikombe cha bati na vijana wa kufundisha. Wagonjwa wakaanza kuniita Mama Viungo, jina ambalo sikuliomba na ambalo sitalirudisha.

Sasa nije kwa Filbert. Hii ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu.

Filbert aliletwa nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi, baada ya pikipiki aliyopanda kuteleza kwenye tope barabara ya Keza. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kijana mrefu, mikono mirefu kuliko shati lake. Mfupa wa paja la kulia ulikuwa umevunjika, na wa mkono wa kulia pia, kati ya bega na kiwiko. Mkono ukafungwa plasta ngumu. Mguu ukafungwa kamba yenye uzito inayouvuta taratibu ili mfupa ukae sawa, na kwa ajili hiyo akawa mtu wa kulala chali kwa wiki nyingi. Alipewa kitanda cha dirishani.

Nilipofika kwake siku ya pili nikamwomba anyanyue kiganja. Hakikunyanyuka. Kilining'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Vidole aliweza kuvikunja, lakini kuvifungua hakuweza. Ninyi mliosoma mnajua ilivyo: mshipa wa fahamu unaozunguka nyuma ya mfupa ule ulikuwa umeumia. Daktari alisema mara nyingi mshipa huo huamka wenyewe baada ya miezi, na mara chache hauamki kabisa. Dawa ya kuuharakisha hakuna. Kazi yetu ilikuwa kuulinda mkono usikakamae huku tukisubiri. Na kusubiri, wenzangu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, wala chuoni hakuna mtihani wake.

Mama yake, Verediana, alikuja kutoka Keza na kapu la viazi na maharage. Alikuwa mkulima, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na kama wengi wetu tuliozaliwa na Kihangaza mdomoni, herufi r na l zilikuwa ndugu kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," maana alikuwa mkubwa kwangu. Filbert alikuwa kitindamimba wake. Akaitikia marahaba huku akikitazama kile kiganja.

"Dada, mkono umerara?"

"Umelala, mama. Hatujui utaamka lini."

Hakulia. Alivuta ukingo wa shuka akaufunika ule mkono mpaka vidoleni, kama mtu anayemfunika mtoto, akakaa.

Wala hakuna aliyeniambia mkono ule ulikuwa mkono wa nani mpaka Jumamosi, alipokuja Mwalimu Editha. Alikuwa akifundisha hesabu shuleni kwa Filbert, na jioni alifundisha besiboli, mchezo ambao mimi nilikuwa sijawahi kuuona. Alinieleza pale pale koridoni. Mtu mmoja anasimama katikati ya uwanja, anarusha mpira mgumu wenye ukubwa wa chungwa dogo. Wa upande wa pili ana rungu, anataka kuupiga. Akiukosa mara tatu, anatoka. Akiupiga mbali, anakimbia kuvizunguka vituo vinne mpaka anarudi alipoanzia, na hiyo ndiyo alama.

"Na Filbert?" nikauliza.

"Filbert ndiye mrushaji." Alisema kama mtu anayetaja jina la mlima.

Shule zilizocheza mchezo ule Ngara na Biharamulo zilikuwa chache, lakini katika zote hakuna aliyeuweza mpira wa Filbert msimu uliotangulia ajali. Wapigaji walikuja, wakapunga rungu hewani, wakarudi kukaa. Kuna mchezo mmoja timu ya vijana wa Nemba haikuona hata kituo cha kwanza, mtu wao hata mmoja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Walipomaliza walisimama wakampigia makofi aliyewafanya hivyo.

Mwalimu Editha hakuja na matunda. Alikuja na boksi la viatu. Mtu wa kujitolea kutoka nje, aliyewafundisha besiboli, alikuwa amewaachia mchezo wa mezani, naye mwalimu akaiga namna yake akatengeneza wa kwao kwa manila. Kila mchezaji wa zile shule alikuwa na kadi. Kwenye kadi kulikuwa na namba, na mbele ya kila namba tukio: kakosa, kaupiga chini, kaupiga mbali, na kadhalika. Unarusha dadu, na namba inayotoka inakuambia kilichotokea uwanjani. Mwalimu alizipanga namba kufuata yale kila mmoja aliyoyafanya msimu mzima, kwa hiyo aliyekuwa hodari uwanjani alikuwa hodari mezani, na mvivu alibaki mvivu. Kadi ya Filbert ilikuwa na neno moja karibu kutoka juu mpaka chini, la wapigaji waliosimama mbele yake: kakosa, kakosa, kakosa.

"Nimekuletea msimu wako," akamwambia. "Ucheze hapa hapa kitandani."

Filbert aliishika kadi kwa mkono wa kushoto, akaisoma, akailaza kifudifudi juu ya shuka. "Huyu ana mkono, mwalimu," akasema. "Mimi sina." Akageuzia uso dirishani.

Kitanda cha pili alikuwapo Mzee Nassoro, mwenye duka Biharamulo mjini. Babu zake walikuja huku na biashara kutoka pwani, na yeye, ingawa amezaliwa na kukulia bara, Kiswahili chake kilikuwa bado kina chumvi. Alianguka kutoka kwenye ngazi akifuata masufuria rafu ya juu, na paja lake lilikuwa limetundikwa kamba kama la Filbert. Kazi yake kubwa wodini ilikuwa kuilalamikia chai ya hospitali.

"Mwalimu," akaita. "Hicho ni kitu gani?"

Mwalimu Editha akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Si kamari hiyo?"

"Hakuna anayeweka kitu, mzee. Ni mchezo tu."

"Lakini pana dadu."

"Zipo."

"Basi, mwanangu, mimi dadu sizigusi, hata za bure. Marehemu baba angetoka kaburini kuja kunichapa na mguu huu huu."

Mwalimu akaanza kufunga boksi. "Ngoja," Mzee Nassoro akasema. "Nimesema dadu sizigusi. Sijasema sitaki." Alifikiri kidogo. Kesho yake binti yake, Zuhura, alimletea vizibo vya soda kwenye mfuko, na mzee akaagiza viandikwe namba kwa kalamu ya wino mzito, vitiwe kwenye kopo la maziwa ya unga. Badala ya kurusha dadu, unatumbukiza mkono usiangalie, unatoa kizibo. Dhamiri yake ikatulia, na mchezo ukaanza.

Alichagua timu ya Filbert. Kwa nini asichague? Jumamosi alimfunga mwalimu aliyeutengeneza mchezo wenyewe. Siku za kawaida alimfunga kila aliyekubali kusogeza kiti: dereva wa lori aliyekuwa na plasta ya mguu, muuguzi wa zamu, na mimi, saa yangu ya chakula, mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. "Mimi na kijana wangu hatufungwi!" aliitangazia wodi. Kijana wake alikuwa amelala umbali wa mkono mmoja, akitazama migomba ya nje.

Siku moja asubuhi mzee alicheza michezo mitatu mfululizo na dereva, na kadi ile ile ikarusha yote mitatu. Nilikuwa nikimfunga mtu bandeji kitanda cha jirani. Nikasikia sauti kutoka dirishani.

"Mpumzishe."

Mzee Nassoro akageuka kadiri kamba ilivyomruhusu. "Nani?"

"Huyo. Amerusha tangu asubuhi. Bega lake linauma."

"Kadi haisemi."

"Kadi haisemi," Filbert akajibu. "Mimi nasema. Ule mchezo wa mwisho na Nemba nilirusha bega likiwaka moto. Mwalimu hakujua. Ningechoka zaidi kidogo, wangenipiga."

Ilikuwa mara ya kwanza wodini kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Mzee hakucheka wala hakubisha. Aliichukua kadi akailaza kando ya mto wake. "Haya, amepumzika. Sasa nani anarusha?"

"Mpe Onesmo. Onesmo anapigwa, ila hakati tamaa."

Onesmo alipigwa, na mzee akafungwa kwa mara ya kwanza, akanung'unika mpaka adhuhuri. Lakini tangu hapo Filbert akawa mchezaji. Jumamosi Mwalimu Editha alisikia habari ya bega, akaweka sheria mpya kwamba kila mrushaji, hata bora, lazima apumzike. Naye Filbert alichukua kadi za vijana wa Nemba, wale aliowatoa wote, akacheza dhidi ya timu yake mwenyewe.

"Unataka kujifunga?" mzee akamuuliza.

"Nataka kumpiga," akasema, akiionyesha kwa kidevu ile kadi yake. "Lazima kuna namna."

Plasta ya mkono ilipotolewa nikamtengenezea kile kifaa cha bomba, nikakiongezea vijiti na vipande vyembamba vya mpira wa baiskeli vinavyovuta vidole kwenda juu. Vidole vikikunjwa kwa nguvu zake, mpira unavirudisha kuvifungua. Kisha nikatunga sheria yangu: vizibo vitatolewa kwa mkono wa kulia tu.

"Mama Viungo, havifunguki."

"Mpira utakufungulia. Wewe funga tu."

Mdomo wa kopo ukawa mwembamba kwa mkono na bomba lake, tukahamishia vizibo kwenye sufuria pana ya Zuhura. Alidondosha. Akaokota, akadondosha tena. Kizibo kimoja kilichukua muda wa kuchemsha chai, na Mzee Nassoro, mtu asiyesubiri mteja afikirie bei, alisubiri. Aliangalia tu. Nikakumbuka mama wa Kanazi na kwaya yake. Kijana yule aliyekuwa akigoma kila zoezi nililomwekea, sasa alitumbukiza mkono sufuriani asubuhi nzima kwa sababu alitaka kumpiga mtu wa kadi.

Wiki zikapita. Mguu uliunga, kamba ikaondolewa, akaanza kusimama na gongo la kwapa la kushoto. Mkono haukufanya chochote. Kila asubuhi nilipasha viganja vyangu kwenye kikombe, nikaunyoosha ule mkono kidole kwa kidole, nikamwambia, "Jaribu kuinua," akajaribu mpaka jasho likamtoka usoni, na kiganja kikakaa pale pale. Asubuhi moja, mzee akiwa amepelekwa kupigwa picha, aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mama Viungo, niambie ukweli. Yule wa kwenye kadi atarudi?"

Tulifundishwa kuwapa wagonjwa matumaini. Hatukufundishwa kipimo chake.

"Mkono nadhani utarudi," nikamwambia. "Nadhani tu, sijui. Yule wa kwenye kadi, huyo hata kumdhania simdhanii. Sijui kabisa."

Alitikisa kichwa polepole. "Afadhali," akasema. "Kila anayekuja ananiambia nitarusha kuliko mwanzo. Nikiwasikia najiona kama nimeshakufa wananisifia."

Nikaendelea kumnyoosha vidole.

Kisha akaja baba yake mdogo na pikipiki ya kukodi, na maneno ya ukoo. Miezi imekwisha, akasema, hospitali imeshindwa, nyumbani kuna mzee anayejua kuchanja mkono uliokufa na kuupaka dawa. Alikuwa mtu mwema, mchovu, aliyeacha palizi shambani kumfuata mtoto wa marehemu kaka yake. Nilimweleza kuhusu mshipa, kwamba kuukatakata mkono usio na hisia vizuri ni kuualika usaha. Alinisikiliza kwa adabu, akaanza kukunja blanketi.

Verediana alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Hakusimama. "Weka," akasema.

"Shemeji, ukoo umeamua."

"Ukoo umeamua wapi? Mimi ndiye niriyeketi hapa." Akauonyesha mkono wa mwanawe. "Umerara tu. Mtu akirara, unamwamsha kwa wembe?"

Yule bwana alibaki ameshika pembe mbili za blanketi. Mwishowe akalilaza kitandani. Alikunywa chai, akarudi Keza peke yake, na naamini alikuwa na kazi kubwa ya kuwaeleza wenziwe. Verediana alipobaki na mimi koridoni ndipo aliponishika mkono. "Dada," akasema, "na usipoamka?" Nikamwambia tutakuwa pamoja hiyo siku pia. Ndilo neno pekee nililokuwa na hakika nalo.

Sijui zilipita wiki ngapi. Ninachojua ni kwamba nilikuwa kwenye chumba cha mazoezi, nikimsimamia mtoto kwenye ngazi yetu isiyokwenda popote, niliposikia fimbo ikigongwa kwenye chuma cha kitanda na sauti ya Mzee Nassoro ikijaza korido.

"Mama Viungo! Njoo! Kuna kitu kimepita!"

Nilikimbia. Filbert alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono umezama sufuriani, uso umemtoka rangi. Mzee alikuwa akinyoosha kidole kwenye mkono wake, chini kidogo ya kiwiko.

"Hapa. Kama panya chini ya zulia. Kimepita, kikaacha."

Ikaja kujulikana kwamba mzee alikuwa anamshuku. Filbert alikuwa ameanza kushinda, na mzee, baada ya maisha mazima nyuma ya kaunta akichunga mikono ya wateja, aliamini kijana anapapasa wino wa namba kwa vidole kabla ya kutoa kizibo. Kwa hiyo hakuwa akiangalia sufuria. Alikuwa akiangalia mkono, siku nzima, bila kupepesa. Mimi niliukagua kila asubuhi kwa dakika chache. Yeye aliukagua kama dukani.

Niliweka viganja vyangu pale alipoonyesha. Sikumbuki kama vilikuwa vya moto. "Inua," nikasema.

Hakuna kitu.

"Inua, kama unaomba ruhusa darasani."

Chini ya kidole changu kikapita kitu kidogo sana, kama mshituko wa mtu anayeota. Kikapita tena. Kiganja hakikusogea hata kidogo. Aliyesimama mlangoni asingeona lolote. Nilimwangalia Filbert, naye akaona usoni kwangu.

"Umegeuka upande wa pili," nikamwambia Verediana alipoingia na ndoo ya maji. "Bado umelala, mama. Lakini umegeuka."

Akaweka ndoo chini. "Mwana wanje," akasema kwa Kihangaza, mwanangu, na hayo tu. Mzee Nassoro alipangusa macho kwa ncha ya shuka, kisha akataka kujua kama kile kizibo kilichoshikwa kinahesabiwa.

Hakikuhesabiwa. Ila mkono ulihesabiwa, kila wiki tangu hapo. Kwanza kile kimsuli cha karibu na kiwiko, halafu kifundo cha mkono, mwisho vidole, na kidole gumba nyuma ya vyote kama mkia. Mzee aliruhusiwa kurudi Biharamulo na fimbo yake. Filbert naye akaenda nyumbani, akawa anakuja kliniki, na mwaka uliofuata akarudi darasani kurudia kidato. Siku alipoweza kunipungia mkono wa kulia kutoka getini nilijifanya nina kazi ndani.

Lakini nisiwadanganye. Mkono ulirudi, yule wa kwenye kadi hakurudi. Alipojaribu kurusha, mpira ulikwenda ulikoelekezwa, lakini ulikwenda kama mtu anayetembea. Mwalimu Editha alimpanga kulinda kituo cha kwanza, na hapo alifanya vizuri. Ndipo ukaja mchezo na vijana wa Nemba, Biharamulo, na Filbert akamwomba mwalimu amwache arushe, hata kwa muda mfupi tu.

"Ule mwendo haujarudi," mwalimu akamwambia.

"Najua."

"Wakikupiga nitaandika kwenye kadi mpya. Mimi sipunguzi."

"Andika," akasema. "Nataka iwe na mimi ndani."

Mwalimu ndiye aliyenisimulia hayo, akaniomba nije. Nilikwenda na Verediana kwa basi la asubuhi. Mzee Nassoro alikuwa ameshafika uwanjani, amewekewa kiti chini ya mwavuli, kofia imenyooka, chupa ya kahawa ya tangawizi mguuni, akiwaelezea vijana wa mtaani sheria za mchezo ambao, kama mimi, alikuwa hajawahi kuuona ukichezwa na watu. Alikuwa anakosea chache tu. Verediana hakukaa kwenye benchi aliloonyeshwa. Alisimama mstari wa mbele, kanga ameikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

Filbert alitembea mpaka katikati ya uwanja, mguu wa kulia ukiburuta kidogo. Vijana wa Nemba walimtambua. Kelele zao zikapungua. Mimi nilikuwa sitazami mpira wala rungu. Nilitazama kiganja. Kiliinuka kimeshika mpira, kikalala nyuma sawasawa, mkono ukazunguka, na kikauachia.

Mpigaji aliupiga. Ulilia kama ubao uliovunjika, ukapanda juu, ukapita vichwa vya watoto wetu wote na kuangukia kwenye mihogo ya mtu, ng'ambo ya uwanja. Nemba wote wakasimama, mpigaji akaanza kukimbia kituo kwa kituo akicheka, na upande wetu ukanyamaza kimya.

Katika ukimya ule kikapasuka kigelegele kirefu. Kilikuwa cha Verediana. Mikono yake ilikuwa juu na kanga imemfunguka.

Msichana wa shule aliyesimama karibu yake aliona aibu kwa niaba yake, akamvuta taratibu. "Mama, shikamoo. Huyo aliyepiga si wetu. Ni wa Nemba. Wametufunga."

"Marahaba. Nimeona," Verediana akasema. "Rakini huo mpira umetoka mkononi mwa nani?"

Akapiga kigelegele kingine. Katikati ya uwanja Filbert alirudishiwa mpira kutoka kwenye mihogo, akaupangusa vumbi kwenye suruali, akasimama kumngoja mpigaji wa pili.